Chaguomsingi ni chaguo la nani?

Neno chaguomsingi limetufikia kupitia simu. Fungua mipangilio ya Android kwa Kiswahili utalikuta: kivinjari chaguomsingi, programu chaguomsingi. Waandishi wa programu wenyewe husema difolti, na wanaelewana. Maana ni ileile, yaani thamani inayotumika pale ambapo hakuna aliyesema lolote. Ukiagiza chai mgahawani Tanga bila maelezo italetwa ikiwa na sukari. Asiyeitaka aseme mapema.

Kwa mwenye simu neno hili halina tabu, maana akichoka na kivinjari hurudi kwenye mipangilio akabadili. Tabu iko chini zaidi, kwenye maktaba za programu, ambako baadhi ya mambo huamuliwa wakati wa kukompaili, pale msimbo ulioandikwa na binadamu unapogeuzwa kuwa maagizo ya mashine. SQLite inalionyesha hilo vizuri kuliko maktaba nyingine yoyote ninayoijua.

SQLite ni hifadhidata pachikwa. Haina seva inayokaa ikingoja maombi. Inaingia ndani ya programu yako na kutunza data kwenye faili moja. Mmarekani D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, akiwa kwenye kazi ya programu za manowari ya jeshi la majini la nchi yake. Leo imo ndani ya simu za Android na iPhone, na ndani ya Firefox na Chrome. Msimbo wake hutolewa kama faili moja kubwa la lugha ya C, na anayelikompaili anaweza kulipitishia swichi chungu nzima. Asipopitisha hata moja, anapata chaguomsingi.

Na hapo pana kioja. Watunzaji wa SQLite wameandika orodha ya swichi wanazozipendekeza, na kadhaa kati yake zinapingana na chaguomsingi walizoziweka wao wenyewe.

Chukua SQLITE_DQS. Kwenye lugha ya SQL, jina la safu huwekwa ndani ya alama mbili za kunukuu, na maandishi ndani ya alama moja. Zamani SQLite ilitaka kupatana na MySQL 3, ikalegeza kamba: jina lililo ndani ya alama mbili lisipotambulika, lihesabiwe kuwa maandishi. Sasa una jedwali la wanafunzi lenye safu iitwayo darasa, vidole vikateleza ukaandika hivi:

SELECT * FROM wanafunzi WHERE "darsa" = 'Nne';

Hakuna safu ya darsa. Ungetarajia kosa, lakini SQLite inalinganisha neno darsa na neno Nne, inaona hayafanani, na kukurudishia jibu tupu. Mwalimu ataambiwa hana mwanafunzi hata mmoja wa darasa la nne. Thamani ya awali ya swichi hii ni 3, inayoruhusu ulegevu huo kila mahali. Inayopendekezwa ni 0, inayouzima. Ile ya awali haibadilishwi kwa sababu zipo programu nyingi zilizoandikwa zikiutegemea bila wenyewe kujua, na zingevunjika siku maktaba inaposasishwa.

Ufunguo wa nje, yaani safu inayofunga jedwali moja na jingine, nao ni hivyohivyo. Kwa miaka SQLite iliusoma kwenye tamko la jedwali na kuupuuza. Toleo 3.6.19 la mwaka 2009 lilileta uwezo wa kuusimamia, lakini ukiwa umezimwa. Usipouwasha, mteja anafutwa na mikopo yake inabaki yatima.

Pasipoumiza mtu, watunzaji hubadilisha. Ukubwa wa ukurasa ulipanda kutoka baiti 1024 hadi 4096 mwaka 2016, kwani kila faili hubeba kipimo chake na ya zamani huendelea kusomeka. Vitendakazi vya JSON viliingizwa moja kwa moja mwaka 2022.

Ndiyo maana sehemu ya pili ya neno letu inanitia shaka. Msingi humfanya msomaji adhani hiki ndicho kilicho imara, kilichopimwa, na kwamba kukigusa ni ujuaji. Wakati mwingine ni kweli: SQLITE_THREADSAFE huanzia 1, kufuli zote za kuzuia nyuzi za programu zisigongane zikiwepo, na ni tahadhari nzuri. Ukiiweka 0 kufuli zinaondolewa kabisa kwenye maktaba, na programu ikishaanza kukimbia huwezi kuzirudisha. Lakini DQS ni ahadi tu kwa programu za zamani, wala si ushauri kwa anayeanza leo. Kwenye simu chaguomsingi libaki, limeshazoeleka. Kwenye hati za ufundi ningeandika thamani ya awali, kisha pembeni yake thamani inayopendekezwa, kila moja na safu yake.

Mara nyingi, hata hivyo, wewe si uliyeikompaili SQLite unayoitumia. Imekuja na mfumo wa simu au wa Linux, na mfungashaji alishapitisha swichi zake. Kuziona, andika PRAGMA compile_options. Kabla ya kuunda jedwali la kwanza.