Jina ni New Delhi, Lakini Mdudu Alikuwa Nairobi

Wasee, UTI mnaijua, ile ya kukojoa ukihisi moto. Wengi wetu tunaichukulia kama homa: unameza tembe, inaisha. Sasa twende Uswidi, 2008. Kuna mgonjwa alikuwa amelazwa hospitalini New Delhi, akarudi na UTI. Kwa mkojo wake walipata Klebsiella, bakteria anayependa sana wodi na wagonjwa waliowekewa mpira wa mkojo. Huyu alikuwa na kimeng'enya kinachovunja hata kabapenemu, zile dawa madaktari huweka akiba, za kutumia zingine zikigoma. Mwaka wa 2009 kikaitwa NDM-1. Hiyo ND ni New Delhi. India ilikasirika, na hapo naielewa kabisa. Nani anataka mji wake ugeuzwe jina la ugonjwa?

Lakini kinachonikosesha usingizi ni cha huku kwetu. 2011 watafiti walitoa ripoti ya hospitali moja kubwa ya rufaa Nairobi: Klebsiella 7 zenye NDM-1, kutoka kwa wagonjwa wa wodi tofauti waliolazwa kati ya 2007 na 2009. Yaani dunia ikinyooshea India kidole, mdudu alikuwa ameshalala kwa vitanda vyetu.

Na angejulikanaje? Kuotesha mkojo maabara ni pesa, tena ni kungoja siku kadhaa. Kwa kemisti ya mtaa wangu unauziwa tembe nne bila karatasi ya daktari, na hakuna anayekuuliza kama ulipimwa.