Mita 30 za saa si pima 16 za bahari

Kutoka Bodo kwenda kisiwani Funzi, mashua hukata maji kando ya mikoko, na anayeangalia saa mara nyingi ni mgeni. Wenyeji husoma bahari yenyewe: bamvua au maji mafu, yanajaa au yanakupwa. Siku niliyovuka mimi, nahodha alinishika mkono, akaigeuza saa yangu na kusoma maandishi ya mgongoni: WATER RESISTANT 30M.

"Mita 30," akasema. "Pima kumi na sita hizo, mwanangu. Saa yako yazama kunishinda."

Nikajiona bingwa, nikautia mkono majini mpaka kiwikoni. Kufika jioni, ukungu ulikuwa umetanda chini ya kioo.

Hesabu ya nahodha ilikuwa sahihi. Pima moja ni karibu mita 1.8. Kilichotuponza ni neno "mita". Baharini, kila ukishuka mita 10, maji hukukandamiza kwa takriban baa 1 zaidi. Kiwandani hawazamishi saa mita 30. Saa hutiwa ndani ya chombo, ikabanwa kwa baa 3 katika maji yaliyotulia, kwa dakika chache tu, ingali mpya. Kanuni ya kimataifa ya saa za kawaida, ISO 22810 ya mwaka 2010, ina pia jaribio jingine ninalolipenda: saa hupashwa moto hadi nyuzi 40 au zaidi kidogo, kisha tone la maji baridi huwekwa juu ya kioo. Ukungu ukionekana kwa ndani, saa imeshindwa. Yangu ingefeli pale pale kwenye mashua.

Watengenezaji wenyewe huandika katika vijitabu ambavyo hatuvisomi: mita 30 ni mvua na kunawa mikono, 50 ni kuogelea, 100 ni kuchezea majini na miwani ya kuzamia. Mzamiaji wa mitungi atafute saa iliyoandikwa DIVER'S, inayofuata kanuni nyingine, ISO 6425. Saa hiyo ya mita 200 hubanwa kwa baa 25, yaani robo zaidi ya ilichoahidi.

Wengi watakwambia kwamba kurusha mkono majini ndiko kunakozidisha shinikizo na kuivunja saa. Nimepiga hesabu: mkono unaokwenda mita 5 kwa sekunde, kasi ambayo mwogeleaji wa kawaida haipati, huongeza baa 0.13, sawa na kushuka mita moja na ushei. Adui yuko kwingine. Ni ile pete ya mpira inayoziba mfuniko, ambayo huzeeka na kukauka. Ni kitufe cha pembeni kilichoachwa wazi. Ni chumvi, na jua la mashuani linaloichemsha saa kabla haijatumbukizwa ghafla kwenye maji baridi.

Sasa tuje kwenye neno. Dukani utaambiwa "haiingii maji". Hiyo ni ahadi isiyo na mpaka, na Kiingereza nacho kiliwahi kuwa nayo: waterproof. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, serikali iliwazuia wauza saa kulitumia, kwa kuwa hakuna saa isiyoingia maji kabisa. Wao wakahamia resistant. Sisi tumebaki na ahadi.

Tatizo ni kwamba neno lao moja kwetu limegawanyika. Waya una ukinzani, vimelea vina usugu wa dawa, bungeni kuna upinzani. Saa haikinzani na bahari, wala si sugu kwayo. Saa hubeba mzigo, na mzigo una kiasi. Kitenzi cha mzigo tunacho: kuhimili. Boriti huhimili paa hadi siku linapozidi uzito. Kwa hiyo nasema uhimili wa maji, na saa "inahimili maji".

Kipimo nacho kina vishawishi. Kwenye saa nyingine utaona 3 ATM, na Mkenya atafikiria mashine ya pesa, kumbe ni kanieneo ya angahewa tatu. Kanieneo, kani juu ya eneo, ni neno zuri la walimu wa fizikia wa Tanzania. Kwetu pwani watu husema presha, lakini presha ni ugonjwa wa wazee; mimi nabaki na shinikizo. Baa nayo ina meza na bia. Hata hivyo naichagua baa, kwa kuwa msomaji akicheka kidogo atakumbuka. Mita humfanya akazame.

Mwandike basi, enyi mnaofasiri vijitabu vya saa: "inahimili maji, shinikizo la baa 3", na mita mzifute. Aliye na neno bora kuliko uhimili na alilete, ila "haiingii maji" mimi nimelikataa.