Wenye Hati na Wenye Kisiwa: Lewis ya Uskoti Tangu 1598

Mwezi wa Septemba 1923 tajiri wa sabuni, Lord Leverhulme, aliwaita wawakilishi wa kisiwa cha Lewis mjini Stornoway akawaambia kwamba anaondoka, na kisiwa anawaachia bure. Mji na vitongoji vyake vingekuwa chini ya wadhamini watakaochaguliwa na wakazi. Kwingineko, kila mpangaji angepewa kipande anachokilima kiwe chake moja kwa moja. Watu wa mjini walipokea. Wa vijijini, karibu wote, walikataa.

Ukiusikia mkasa huu juu juu utadhani ni ukaidi wa watu wa bara baridi. Lakini ukiwafuata wamiliki wa Lewis mmoja baada ya mwingine, kuanzia yule aliyenyang'anywa kwa kukosa karatasi, utaona kwamba wanakijiji hao walikuwa wamepiga hesabu vizuri.

Lewis ni sehemu ya kaskazini ya kisiwa kikubwa kinachoikinga Uskoti na mawimbi ya Atlantiki. Ina zaidi ya kilomita za mraba 1,700, lakini sehemu kubwa ni nyika ya mboji, udongo mweusi uliojaa maji ambao wenyeji huukata mapande, huuanika, kisha huuchoma badala ya kuni. Panapolimika ni ukanda mwembamba wa pwani. Mtu alipanda shayiri na viazi hapo, akapeleka ng'ombe nyikani kiangazi, akavua samaki, na bado mwaka ukamshinda. Kwa maisha ya namna hiyo shamba bila malisho ya pamoja halina maana, na ugomvi mwingi wa kisiwa hiki ulizaliwa kwenye malisho.

Mpaka 1266 visiwa hivi vilikuwa chini ya mfalme wa Norway. Baadaye Lewis ikawa ya ukoo wa MacLeod, ambao walikishika kisiwa kwa upanga na nasaba. Mwishoni mwa karne ya 16 wana wa mkuu wao, Ruairi, waliotoka kwa mama tofauti, waliingia kwenye vita vya urithi vilivyoumaliza ukoo kutoka ndani. Mfalme James wa Sita, aliyekuwa na madeni na aliyewaona watu wa Kigaeli kuwa washenzi, aliipata nafasi yake. Bunge lilitunga sheria mwaka 1597: kila mwenye ardhi katika nyanda za juu na visiwani alete hati zake Edinburgh ifikapo Mei mwaka uliofuata. Asiyeleta, ardhi yake ni ya mfalme. MacLeod hakuleta.

Lewis ikakabidhiwa kundi la mabwana wa Fife, upande wa mashariki ya nchi, ambao mwaka 1598 walitua Stornoway na mamia ya askari na mafundi kuja kuanzisha koloni ndani ya nchi yao wenyewe. Walijaribu mara tatu katika miaka 10 hivi na kila mara walitimuliwa na wenyeji, safari nyingi wakiongozwa na Neil, wa ukoo uleule wa MacLeod. Neil alinyongwa Edinburgh mwaka 1613, lakini kufikia hapo mabwana wa Fife walikuwa wamechoka na kuiuza haki yao. Aliyeinunua mwaka 1610 ni jirani kutoka bara, Mackenzie wa Kintail, ambaye alikuwa akisubiri pembeni muda wote huo na ambaye wengi walimshuku kuwa ndiye aliyekuwa akipuliza moto.

Akina Mackenzie, waliopewa baadaye ubwana wa Seaforth, walikaa na Lewis zaidi ya karne mbili. Walipoteza mali zao baada ya kuunga mkono uasi wa 1715, wakazirudisha kwa kuzinunua mwaka 1741. Wa mwisho mwenye jina kubwa, Francis Humberston Mackenzie, alikuwa kiziwi tangu utotoni, akaunda kikosi cha wanajeshi kutoka kwa wapangaji wake, akawa gavana wa Barbados. Huko alishinikiza sheria ya kumtia hatiani mzungu anayemuua mtumwa, huku yeye mwenyewe akiwa na mashamba ya watumwa Berbice, Amerika ya Kusini. Watoto wake wanne wa kiume walimtangulia kaburini, naye akafariki mwaka 1815.

Katika enzi hiyo Lewis ilianza kuishi kwa soko la mbali. Vita na Ufaransa vilipandisha bei ya magadi yatokanayo na mwani uliochomwa, yaliyotakiwa na viwanda vya vioo na sabuni. Watu walisongezwa pwani wakavune mwani, na vipande vya ardhi vikagawanywa vikawa vidogo kiasi kwamba hakuna familia iliyoweza kula kwa shamba tu. Vita vilipokwisha bei ilianguka na watu wakabaki pwani. Madeni yaliwazidi Mackenzie, na mwaka 1844 kisiwa kikauzwa kwa pauni 190,000.

Mnunuzi alikuwa James Matheson. Pamoja na William Jardine alikuwa ameanzisha mwaka 1832, huko Canton, kampuni iliyotajirika kwa kuingiza kasumba China. Alijenga kasri linalotazama bandari ya Stornoway, akapanda miti kwenye kisiwa kisichokuwa na miti, akaweka hata kiwanda cha kukamua mafuta ya taa kwenye mboji. Viazi vilipooza mwaka 1846 alileta chakula na kazi, na serikali ikamtunuku cheo. Katika miaka ya mwanzo ya 1850 aliwalipia nauli watu zaidi ya 1,700 waende Kanada, na waliochelewa kulipa kodi ya pango ndio waliokuwa mbele kwenye orodha.

Matheson hakutawala kwa mkono wake. Alimwachia msimamizi, Donald Munro, mwanasheria ambaye wakati huohuo alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali na mwenye vyeo vingine chungu nzima. Mpangaji mwenye kesi na mwenye ardhi angemkuta Munro huku, na akienda kushtaki angemkuta Munro kule.

Watu wa Bernera, kisiwa kidogo kando ya Lewis, ndio waliomvunja. Walikuwa na malisho ya kiangazi ng'ambo, kwenye nyika ya Lewis. Munro aliwahamisha, akawapa malisho mengine, wakajenga kwa nguvu zao ukuta mrefu wa kuzuia mifugo. Muda si muda, mwaka 1874, wakaambiwa waondoke na hapo pia. Walipokataa, familia 58 zililetewa notisi za kuhama. Tarishi wa mahakama aliyezileta alirushiwa madongoa ya udongo, na katika mvutano koti lake likachanika. Kwa koti hilo watu watatu walishtakiwa. Mmoja alipokamatwa mjini, wanaume zaidi ya mia wa Bernera walitembea hadi Stornoway, mpiga zumari akiwaongoza, wakasimama mbele ya kasri. Matheson, mzee sasa, aliwapokea, wakanyweshwa chai, akasema hakuwa na habari za notisi hizo. Mahakamani Munro alikiri kwamba hakuona haja ya kumshauri bwana wake kwa kila jambo dogo. Familia 58 lilikuwa jambo dogo. Washtakiwa waliachiwa huru, na Munro akapoteza kazi.

Kesi hiyo ilikuwa moja ya cheche zilizoleta tume ya uchunguzi ya 1883 na kisha sheria ya 1886, ambayo ndiyo kiini cha habari yote hii. Kabla yake mpangaji aliweza kuondolewa kwa notisi tu, hata kama nyumba aliijenga mwenyewe jiwe kwa jiwe. Baada yake hakuna aliyeweza kumtoa mradi analipa. Kodi ilipangwa na tume, kipande kilirithishwa kwa watoto, na akiondoka alilipwa fidia ya alichokijenga. Mwenye hati alibaki na hati, haki ya kuwinda, na kodi ndogo aliyopangiwa na wengine. Sheria haikumpa ardhi asiye nayo, ndiyo maana vurugu ziliendelea mwaka 1887 na 1888, lakini aliyekuwa nayo hakung'oka tena.

Leverhulme alinunua Lewis mwaka 1918. Wasomaji wa Kongo wanalijua jina lake kwa njia nyingine. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa haki ya kuchukua hadi hekta 750,000 za michikichi kwa ajili ya mawese ya sabuni zake, na Lusanga, kwenye mto Kwilu, ikabatizwa Leverville. Kule watu walilazimishwa kukwea michikichi kukata mikungu ya chikichi, na dola ya kikoloni ikasimama nyuma ya kampuni. Huko Lewis nako alifika na akili ileile ya mipango mikubwa: meli za uvuvi, viwanda vya barafu na vya samaki wa makopo, reli, na maduka ya samaki kote Uingereza. Tofauti ni kwamba mbele yake kulikuwa na watu wenye kura na sheria ya 1886.

Tena walikuwa watu waliofiwa. Zaidi ya 6,000 walikwenda kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia na zaidi ya 1,000 hawakurudi. Alfajiri ya Januari 1, 1919, meli Iolaire iliyokuwa ikiwarudisha mabaharia nyumbani iligonga mwamba karibu na mlango wa bandari ya Stornoway, wakafa watu wasiopungua 201 huku taa za mji zikionekana. Waliobaki walikuwa wameahidiwa ardhi. Waliyaingia mashamba makubwa ya Gress na Coll, wakapima vipande kwa miguu. Leverhulme aliyataka mashamba hayohayo kwa maziwa ya mji. Machi 1919 aliwaendea Gress na kuwaeleza ndoto yake kwa ufasaha. Walimsikiliza, wakampigia makofi, kisha wakamwambia kwamba nia yake hawaikatai, ila wanachotaka ni ardhi.

Mimi simwoni kuwa Munro wa pili. Alikuwa na subira na hakuwa mchoyo. Ila hakuwahi kuelewa kwa nini mtu aliye na ajira nzuri mbele yake ang'ang'anie ng'ombe wawili na shamba la mawe, wakati kila aliyeishi Lewis alikumbuka mwani, na alijua ajira ya bwana huisha siku bwana anapofilisika. Ilikuja kuwa hivyo. Biashara yake ilitikisika baada ya 1920, kazi zikasimama mwaka uliofuata, na Aprili 1923 vijana wapatao 300 wakapanda meli Metagama kwenda Kanada.

Ndipo ikaja ile zawadi. Mpangaji alikaa chini akapiga hesabu: kunyang'anywa hawezi, kodi yake ni ndogo, watoto watarithi. Akiwa mmiliki, kodi za halmashauri anazolipa mwenye ardhi zingemwangukia yeye, na kinga ya sheria ya wapangaji ingemtoka. Ardhi waliyoikataa ikapigwa mnada. Galson, ekari 56,000 kaskazini ya kisiwa, ilikwenda kwa pauni 500, yaani kama peni mbili kwa ekari. Ukitaka kujua hatimiliki ya Lewis ilikuwa na thamani gani baada ya 1886, ndiyo hiyo.

Mji wa Stornoway ulibaki na wadhamini wake, na mpaka leo hao ndio wamiliki wa jamii wa muda mrefu kuliko wote Uskoti. Wengine walichelewa. Sheria ya ardhi ya 2003 iliwapa wapangaji haki ya kununua milki hata mwenyewe asipotaka. Galson ikawa ya jamii mwaka 2007. Pairc, kusini, ilipiganiwa zaidi ya miaka 10 hadi Mahakama Kuu ya Uskoti, na ikapatikana mwaka 2015. Mvutano wa huko haukuwa juu ya kondoo. Nyika ile isiyokuwa na bei ilikuwa imegunduliwa kuwa na upepo, na mwenye hati alikuwa ameshaandaa mkataba wa kuikodisha kwa mitambo ya umeme.

Upepo huohuo umewafikia wadhamini wa Stornoway. Waliikodisha nyika yao kwa kampuni kubwa ya umeme, na wapangaji wa baadhi ya vijiji wakapinga wakitaka kusimika mitambo yao wenyewe kwenye malisho yao ya pamoja. Shauri hilo lilifika Mahakama ya Ardhi, na safari hii aliyesimama upande wa mwenye ardhi alikuwa amechaguliwa na majirani.