Mpishi Asiyeitwa Mwalimu

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanakikumbuka kwa majembe na mashamba ya shule. Wachache wanakumbuka kwamba ndani yake jiko la shule nalo limo.

Limetajwa kwa kupita tu, pamoja na wafagizi na watunza bustani. Nyerere aliona kwamba shule za sekondari zimewazoesha vijana wakubwa, wengine wamefika miaka 20, kupikiwa, kuoshewa sahani na kufagiliwa vyumba. Wakiambiwa washiriki, wananuna. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa, na Rais akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tena yeye alikuwa amefundisha St. Mary's, Tabora, kisha St. Francis, Pugu, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Shule aliijua kutoka ndani.

Baada ya 1967 ratiba zilibadilika. Wanafunzi walilima, walifagia, waliosha vyombo kwa zamu. Mwalimu naye aliongezewa mzigo: mbali na vipindi na kusahihisha madaftari, alisimamia shamba, usafi na bwalo.

Lakini mpishi hakuondoka, wala asingeweza kuondoka. Ugali wa watu 400 haupikwi na kijana mwenye kipindi cha hesabu saa mbili asubuhi. Uji wa asubuhi unataka moto uliowashwa kungali giza. Maharage yachambuliwe, yaoshwe, yabandikwe mapema, la sivyo mchana yatapakuliwa magumu. Kuni zikiwa mbichi, chakula kinachelewa. Chakula kikichelewa, kipindi cha kwanza cha mchana kimekwenda. Mwalimu wa fizikia anaweza kuandaa somo lake vizuri kabisa na bado akashindwa kwa sababu ya kuni.

Kijitabu kilitaka kazi hizo ziingie katika mafunzo ya shule. Kwa hoja hiyo, mpishi angestahili kuhesabiwa miongoni mwa walimu, maana kama kupika ni elimu, mwenye elimu hiyo ni yeye. Haikuwa hivyo. Katika shule nyingi kazi za mikono ziligeuka adhabu. Aliyechelewa mstarini alipelekwa kusugua masufuria; aliyepiga kelele darasani aliteka maji. Kazi iliyokusudiwa kuheshimiwa ikawa ya mkosaji, na mtu aliyeifanya kila siku kwa ujira hakupata heshima yoyote mpya.

Tofauti hiyo bado ipo. Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwalimu aliyeajiriwa na Serikali hulipwa na Serikali. Katika shule nyingi za kutwa, chakula cha mchana na malipo ya mpishi hutegemea michango ya wazazi. Mavuno yakiwa mabaya, michango inasuasua, na wa kwanza kusubiri ni mpishi. Wanafunzi nao hurudi darasani na njaa, na mwalimu huwafundisha hivyo hivyo.

Ofisini kwa mkuu wa shule mara nyingi pana ubao wa majina ya waliotangulia, kila mmoja na miaka yake. Anayetaka kuandika historia ya shule huanzia hapo. Ingefaa aombe na daftari la stoo: tarehe, kilo za unga, debe la maharage, jina la mwalimu wa zamu aliyetoa, na jina la mpishi aliyepokea.