Mtutu wa mzunguko unaoongezeka: una faida au ni mbwembwe tu?

Hapa Sekei msimu wa uwindaji ukiisha stori za bunduki haziishi, maana makampuni mengi ya uwindaji yako hapahapa Arusha. Baba yangu mdogo ni mfuata nyayo, kazi yake kumtangulia mgeni porini. Juzi akaniuliza: mgeni wake kaja na raifo ya kutengenezewa, anatamba kwamba mtutu wake una mzunguko unaoongezeka. "Wewe unayeshinda kwenye kompyuta, hebu niangalizie, ni kweli au sifa tu?" Nikaangalia. Nayaweka hapa kwa faida ya wote.

Ni kitu gani?

Ndani ya mtutu wa raifo kuna mifereji iliyochongwa kwa kujipinda. Inakishika kichwa cha risasi na kukizungusha, kama pia ya watoto: ikizunguka inasimama, ikiacha inaanguka. Gobore halina mifereji, ndio maana kwa mbali halina shabaha.

Mtutu wa kawaida una mpindo uleule mwanzo mpaka mwisho. Mfano .375 H&H Magnum, bunduki ya nyati tangu 1912, kwa kawaida huzungusha mara moja kila inchi 12. Huu mwingine unaanza taratibu nyuma, unazidi kukaza kuelekea mdomoni. Wazo ni kwamba risasi isishtuliwe ghafla.

Historia yake

Zamani vichwa vya risasi vilikuwa laini, havina ganda la shaba. Vikisukumwa kwa nguvu vinaruka mifereji badala ya kuifuata. Hapo kuanza taratibu kulikuwa na maana.

Waitaliano waliuweka kwenye raifo yao ya Carcano ya 1891. Babu zetu wa KAR walikutana na bunduki hizo Ethiopia mwaka 1941, wakiwemo wa batalioni ya 1/6 ya Tanganyika waliopigana Colito. Sasa sikia hii: kuanzia 1924 Waitaliano walizikata baadhi ziwe fupi. Kumbe kipande walichokata mbele ndicho chenye mzunguko mkali kuliko wote! Shabaha ikaharibika. Walipotoa raifo mpya fupi mwaka 1938, wakarudi kwenye mpindo wa kawaida.

Haujafa lakini. Mzinga wa ndege za kivita wa M61 Vulcan, unaofyatua risasi kama 6,000 kwa dakika, unautumia ili mtutu usiumie haraka. Mafundi wa Marekani nao bado wanachonga mitutu hiyo kwa oda.

Hasara zake

Kwanza bei, maana kuuchonga kunahitaji mashine maalumu. Pili, mifereji ikibadili pembe njiani, alama kwenye kichwa cha risasi zinakatwa upya na msuguano unaongezeka. Tatu, kama tulivyoona, ukiukata mbele umeuua.

Mi naonaje?

Kwa uwindaji wa huku haulipi. Nyati hupigwa chini ya mita 100, na hapo mtutu wa kawaida uliochongwa vizuri unatosha kabisa. Hata walenga shabaha wa mita 1,000 wengi wao wanashinda na mitutu ya kawaida. Hela hiyo bora anunulie risasi za mazoezi.

Na hili si la mchezo. Nyati akijeruhiwa anaingia kichakani, na anayetangulia kumfuata si mtutu wa bei mbaya, ni baba mdogo.

Nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo nimwambie nini mgeni?" Nikamjibu, "Baba, mwambie apige shabaha mbele yako kabla hamjaingia porini." Akacheka: "Hilo mbona naliangaliaga siku zote. Bunduki sijawahi kuiogopa mwanangu, naogopa mkono unaoishika."

Wenye uzoefu karibuni mnikosoe.