Kitanda cha Mshairi na Sanduku la Askofu

Wasia wa William Shakespeare una tarehe ya 25 Machi 1616. Haukutimia mwezi, mshairi akafariki tarehe 23 Aprili. Saini zake zinazokubaliwa na wataalamu ni sita tu, na tatu kati ya hizo zimo katika kurasa za wasia huo. Walioihifadhi karatasi hiyo si wapenzi wa mashairi. Ilihifadhiwa na mahakama ya Kanisa.

Kwa nini Kanisa? Katika Karne za Kati, wasia ulihesabiwa kuwa ni maandalizi ya mauti: madeni yalipwe, sadaka itolewe, roho iombewe. Baada ya William Mshindi kutenga mahakama za maaskofu na zile za dola, mwishoni mwa karne ya 11, mambo ya wasia yakaja kuangukia upande wa maaskofu. Magna Carta ya 1215 ilitamka kwamba mali ya aliyekufa bila wasia igawiwe na jamaa na rafiki zake chini ya uangalizi wa Kanisa. Ardhi ilibaki kwa mahakama za mfalme; askofu alishika fedha, mifugo, nguo na vyombo.

Msomaji wa pwani, aliyezoea kusikia habari za thuluthi mbele ya kadhi, atashangaa kukuta hesabu iliyo jirani na hiyo. Kwa desturi ya kale, mali ya Mwingereza mwenye mke na watoto iligawiwa mafungu matatu: fungu la mjane, fungu la watoto, na fungu la maiti, ambalo peke yake ndilo aliloweza kuliusia apendavyo. Kaskazini, katika jimbo la York, desturi hiyo ilidumu hadi sheria ya 1692 ilipoiondoa.

Msimamizi wa mirathi alifika mahakamani na wasia, akala kiapo. Sheria ya 1529 ilimtaka pia alete orodha ya mali. Basi majirani walipita chumba kwa chumba wakiandika masufuria, mashuka na ng'ombe, na bei ya kila kimoja. Marehemu aliyekuwa na mali ya thamani ya pauni 5 au zaidi katika dayosisi zaidi ya moja, shauri lake lilipelekwa kwa mahakama ya Askofu Mkuu. Ndiyo maana John Hall, mkwe wa Shakespeare, aliuthibitisha wasia huo London tarehe 22 Juni 1616.

Humo mna maneno yaliyozua ubishi usiokwisha: mke wake Anne aliachiwa kitanda cha pili kwa uzuri. Wapo wanaosoma dharau. Wapo wanaosema kitanda bora kilikuwa cha wageni, na hicho cha pili ndicho cha ndoa. Lakini sheria ya siku zile inasema jambo zito zaidi. Vyombo vya mke vilikuwa mali ya mumewe, na mke hakuweza kuviusia bila ya idhini yake. Hali hiyo ilikuja kubadilishwa na sheria ya 1882. Kwa hiyo huenda Anne alirithishwa kitanda alichokilalia miaka yote.

Mahakama hizo, zaidi ya 200, zilisitishwa wakati wa Jamhuri, zikarudi na ufalme mwaka 1660. Charles Dickens, aliyefanya kazi ya uandishi wa habari za mahakama hizo London katika ujana wake, alizikejeli katika David Copperfield. Sheria ya 1857 iliziondolea mamlaka ya mirathi, na tarehe 11 Januari 1858 mashauri yakahamia mahakama ya serikali.

Masanduku ya maaskofu yalibaki yamejaa. Wasia wa mahakama ya Canterbury, kuanzia 1384, sasa umo katika Hifadhi ya Taifa, Kew. Wengi wa waliouandika hawakuacha neno jingine lolote duniani, ila nani apewe sufuria, nani ng'ombe, na nani kitanda.