Jinsi ya kuchagua kikokotoo cha masomo ya uhandisi

Mwanafunzi wa Migori au Homa Bay anayejiunga na kozi ya uhandisi Kisumu, Eldoret au Nairobi hana budi kuamua mapema ni kikokotoo kipi atakachonunua.

Kikokotoo cha kawaida cha shule ya upili, mathalani Casio fx-82MS, hukokotoa trigonometria, logi na takwimu. Hata hivyo, hakishughulikii matriksi wala namba changamano, ambazo ni nguzo ya hesabu za umeme. Casio fx-991ES Plus huyatekeleza yote hayo, na hutumia mwanga pamoja na betri ndogo.

Kikokotoo cha grafu, kama vile TI-84 Plus, huchora grafu na hupokea programu, lakini bei yake ni ya juu zaidi. Isitoshe, Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) haliruhusu vikokotoo vinavyopokea programu katika KCSE, na vyuo vingi vina kanuni kama hiyo. Grafu zaweza kuchorwa bila malipo kwa GeoGebra kwenye simu.

Kwa hivyo, mzazi aulize idara husika kuhusu kanuni zake za mitihani kabla ya kugusa fedha za karo.